Haki ya Kufuta Mstari Mmoja

Sogeeni niwasimulie. Anayetaka kusikia aketi popote, kizingitini, juu ya gunia, mimi sijali. Kwangu hapahitajiki cheti cha kusikiliza. Nalisema hilo mapema kwa sababu katika nchi ninayotaka kuwapeleka cheti hicho kipo, kina muhuri mwekundu, na wako watu waliokikosa mara tatu wakahesabiwa viziwi wa kisheria mpaka kufa kwao.

Nchi yenyewe inaitwa Ithibatini. Aliyefika huko ni Zamaradi Mbega, mwanamke wa makamo, mwandishi wa vitabu vya maelekezo. Si riwaya wala mashairi, la. Ukinunua pampu ya maji ya mkono ukakuta ndani ya boksi kijitabu kinachokwambia koki ipi ufungue kwanza, basi hiyo ni kazi ya Zamaradi. Ana kanuni moja tu: kila sentensi humsomea mtu mwenye haraka, ikiwezekana mwenye mtoto mgongoni na chungu jikoni. Mtu huyo akiuliza "ati nini?", basi sentensi ndiyo yenye kosa, si yeye. Kwa kanuni hiyo amegombana na mabosi watatu na mume mmoja.

Alifikaje Ithibatini? Swali zuri, nami nilimwuliza. Jibu lake nitawapa mwisho.

Alichokiona kwanza ni vifua vya watu. Kinyozi alikuwa na cheti kifuani. Mchoma mahindi alikuwa nacho. Mwanamke anayelia kwenye misiba ya watu alikuwa nacho, tena kimetiwa kioo, na kila alipojipiga kifua kwa uchungu wa marehemu kilimgonga kidevu. Nyuma ya hao walipita wengine wengi zaidi, shingoni wana kamba tupu, haina kitu mwishoni. Hao ndio watahiniwa. Kwa kila cheti kimoja Zamaradi alihesabu kamba tupu kumi na tano, kisha akaacha kuhesabu maana shingo ilimuuma.

Halafu wapo wa aina ya tatu. Alimkuta mzee mmoja ameketi mbele ya nyumba yake, ukuta umeanguka nusu, matofali yamepangwa vizuri pembeni, udongo umekandwa tayari. Mzee anautazama tu. Mikono yake yote miwili imetiwa ndani ya vifuko vya kitambaa cha kijivu vilivyoshonwa kwenye vifundo.

"Shikamoo mzee. Pole, umeungua?"

"Marahaba mwanangu. Sikuungua. Nimefeli mara tatu."

"Umefeli nini?"

"Uashi." Akainua kifuko kimoja, akaelekeza kwenye jumba refu jeupe lililokuwa juu ya mji. "Lile ndilo Jumba la Mitihani. Nililijenga mimi, zamani, kabla ya sheria. Kwa hiyo mlango niliujua, maana niliuweka mwenyewe. Kilichoniangusha sikijui mpaka leo."

Zamaradi alitaka kucheka, akaona mzee hacheki. Akamshika bega, akapanda kilima kwenda Barazani.

Baraza la Ithibati ndilo lililomwita. Alipokewa na Katibu, Bwana Ngelangela, mtu mwembamba mwenye vyeti sita kifuani na kimoja mgongoni kwa kukosa nafasi. Katibu alimwagizia chai. Chai ilichelewa, maana mwenye cheti cha kumimina alikuwa likizoni, ikabidi wakae wakiitazama birika inavyopoa.

"Bibi," alisema Katibu, "tumepatwa. Miezi miwili iliyopita kiti cha Sultani wetu kilivunjika mguu. Tukatafuta seremala mwenye cheti nchi nzima, hatukupata. Sultani akala wima siku arobaini na tisa. Ya hamsini alikasirika. Ameamuru uandikwe Mwongozo wa Mtahiniwa unaofaa, mtu akiusoma ajue la kufanya, na uwe tayari kabla ya mtihani ujao. Zimebaki siku ishirini na moja."

"Kwani hamna mwongozo?"

"Hatuna? Tunao, Bibi, tena mzuri mno!"

Akafungua kabati kwa heshima, akatoa kitabu chenye jalada la ngozi, kizito, kikamlemea. Zamaradi akakifunua. Mwanzo kulikuwa na dibaji ya Mwenyekiti, kurasa arobaini. Zikafuata picha za wajumbe wakipeana mikono. Baada ya hapo kurasa zilikuwa nyeusi tititi, mstari juu ya mstari umepakwa wino wa masizi. Aligeuza, akageuza, mpaka akafika mwisho. Mistari iliyosalia ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulisema: Karibu mtahiniwa. Wa pili: Mtihani upo. Wa tatu: Ukurasa huu umeachwa wazi kwa makusudi.

"Nani ameharibu kitabu?" aliuliza Zamaradi.

Katibu alishtuka. "Kuharibu! Hiyo ni Haki ya Mfuto, Bibi. Mwongozo wa kwanza ulikuwa na mistari mia tatu na kumi na miwili. Kila anayefaulu, siku ya kupewa cheti, hupewa brashi na wino, akafuta mstari mmoja. Ule uliomtoa jasho kuliko yote. Ngoma hupigwa, watu hulia. Ni siku tamu sana."

"Na desturi hiyo ilianzaje?"

"Ilielezwa kwenye mstari wa tisa," alisema Katibu. "Umeshafutwa."

"Lakini Bwana Katibu, kwa nini?"

Yule bwana akaweka mkono juu ya vyeti vyake. "Mimi nililizunguka lile jumba siku mbili nikitafuta pa kuingilia, mvua inaninyeshea. Mlango uko nyuma, kwenye mazizi ya punda. Leo mtu aje, afungue kitabu, aambiwe mlango uko nyuma, aingie mkavu? Sasa mvua yangu mimi itakuwa ya nini?"

Zamaradi akakifunga kitabu, akaomba chumba cha kufanyia kazi.

Walimpa chumba bondeni, kwa mkunga aitwaye Sikudhani. Huyu alikuwa mama wa miaka hamsini na ushei, mnene kiasi, mwenye viganja vipana na sauti ya kukemea. Bonde zima lilizaliwa mikononi mwake, na waliozaliwa wakazaa mikononi mwake tena. Shingoni alikuwa na kamba tupu. Aliishi na mdogo wake, Sihaba, aliyemsaidia kazi miaka kumi na minane, naye ana kamba yake. Lakini sheria ya kule ni nyumba moja mtahiniwa mmoja kwa mwaka, kwa hiyo zamu ya Sihaba ilikuwa mwakani.

"Nimefanya mara mbili," Sikudhani alimwambia mgeni huku akimenya viazi. "Mara mbili nimejibu kila kitu. Mtoto aliyetanguliza matako, kondo la nyuma lililogoma kutoka, damu isiyokatika. Nikaandika mpaka kidole kikaota sugu. Mara mbili wameniletea jibu: hukufaulu. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Nikianguka, hivi hapa," akainua viganja vyake, maji ya viazi yakichuruzika, "watakuja kuvishonea."

"Na wazazi wa hapa watakwenda wapi?"

"Kuna mkunga mmoja mwenye cheti, yuko kule juu. Akiona damu anazimia."

Sihaba aliangua kicheko. "Siku ile tulizalisha mama na tukampepea mkunga. Mimi nilimpepea mkunga."

Sikudhani naye akacheka, kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mimi sitaki kioo kifuani, mgeni wangu. Mikono yangu tu, basi. Na Wallahi nikipita, hakuna mwanamke wa bonde hili atakayehangaika tena nilivyohangaika mimi. Kila nitakachokijua nitakisema sokoni."

Zamaradi alimwamini, na mimi niliposimuliwa nilimwamini pia.

Kesho yake alianza kazi. Aliwafuata wenye vyeti mmoja mmoja kuwauliza mtihani ukoje, maana waliofeli wangemweleza njia ya kufeli tu. Kinyozi alisema, "Aa, ule." Mchoma mahindi alisema, "Ukiingia utaona." Mlia misiba alijipiga kifua, cheti kikamgonga, akasema yale hayasemeki. Siku nane zikaisha hivyo, na daftari la Zamaradi lilikuwa na neno moja tu: punda.

Siku ya tisa alialikwa Barazani kusikiliza mjadala. Hoja ilikuwa: je, mwongozo unaofaa utaje siku ya mtihani? Wajumbe walikuwa kumi na tisa na waligawanyika. Kundi moja lilisema siku isitajwe kabisa, maana anayestahili ataihisi. Kundi la pili, ndio wapenda mabadiliko, likasema hapana, tusiwe wakatili, siku itajwe, ila itajwe kwa kalenda ya zamani ambayo kuisoma kunahitaji cheti. Wakarushiana maneno toka asubuhi. Mjumbe mmoja alilia akikumbuka alivyofika Jumatatu badala ya Alhamisi. Mwishowe Mwenyekiti, Mheshimiwa Mbaruku, mzee mwenye tumbo na sauti ya upole, akawapatanisha: mwongozo uandike kwamba siku ya mtihani ni siku muhimu sana. Wakapiga makofi wote.

Zamaradi akatoka nje kabla hajatukana. Sikudhani na Sihaba walikuwa wakimsubiri chini ya ngazi, na pembeni, kwenye ukuta wa Jumba la Mitihani, alikaa muuza karanga, Bi Tausi, bibi mkavu mwenye meno mawili. Kwa hasira Zamaradi akanunua karanga za wote watatu. Bi Tausi akasokota karatasi, akajaza, akawapa.

Sihaba alitafuna, akatazama karatasi yake, akaacha kutafuna.

"Dada. Huu si mwandiko wako?"

Sikudhani akaipokea. Karanga zikamwagika. Juu ya karatasi, kwa herufi zake kubwa za duara, paliandikwa: kondo likigoma usilivute kwa nguvu, mpapase mama tumbo, mweke mtoto titini, subiri. Hapakuwa na alama ya mwalimu, wala vema wala kosa. Palikuwa na mafuta ya karanga tu.

"Umeipata wapi hii?" Sikudhani alimshika Bi Tausi mkono.

"Niache, mwanangu, utanivunja. Si karatasi zenu za mtihani hizo? Bawabu hunipa magunia kila mwaka. Zile za kengele ya pili."

"Kengele ya pili ndiyo nini?"

Bi Tausi akawatazama kama watu wasiojua jua linatokea wapi. "Ee! Hamjui? Kengele hulia mara mbili. Za kengele ya kwanza hupelekwa juu, zikasahihishwa. Za kengele ya pili huletwa kwangu. Mtihani huishia kengele ya kwanza. Mwaka wa ishirini huu nafungia karanga. Nilidhani mnajua, mnafanya tu ukaidi."

Sikudhani aliketi chini, palepale vumbini. Mara zote mbili aliposikia kengele ya kwanza alidhani ni ya kuwakumbusha muda, akainama akaendelea kuandika.

"Tena nikwambie," Bi Tausi aliendelea, maana aliyeanza kusikilizwa baada ya miaka ishirini hanyamazi, "karatasi nzuri zote ni zangu. Mimi husoma nikikosa wateja. Mwenye kuijua kazi ana mengi ya kusema, huandika mpaka kengele ya pili. Wanaotoa ya kwanza ni wale walioambiwa na mjomba, au waliokuwa hawana la kuandika. Uashi niliousoma mimi hapa, mngekuwa na majumba!"

Zamaradi alikwisha kutoa daftari. Akamuuliza Bi Tausi kila kitu, na Bi Tausi alijua kila kitu. Mlango uko nyuma kwa punda. Jina huandikwa ukurasa wa mwisho, si wa kwanza. Karatasi yenye jina mbele huhesabiwa haina mwenyewe. Maswali ni kumi lakini husahihishwa manne ya mwanzo tu, kwa hiyo kengele ya kwanza inatosha. Na siku ni Alhamisi.

Mwongozo ukaandikwa kwa siku tatu, ukurasa mmoja. Zamaradi alimsomea Sihaba, aliyekuwa na ndoo kichwani, na Sihaba hakuuliza "ati nini?" hata mara moja. Sikudhani aliusikiliza mwanzo mpaka mwisho, akaomba asomewe tena ule mstari wa kengele, akatikisa kichwa.

Barazani ulipokelewa kwa shangwe. Mheshimiwa Mbaruku aliusoma wima, akavua miwani. "Bibi, huu ni mwongozo bora kuliko wote niliopata kuuona. Unaeleweka! Mtu akiusoma huu, anajua la kufanya! Sultani atafurahi." Wajumbe wakapiga meza. Zamaradi akajisikia mwepesi, na hapo ndipo Katibu alipoingia na bakuli la wino na brashi.

"Hiyo ya nini?"

"Ni chapa mpya, Bibi," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Kwa chapa mpya kila mjumbe ana haki yake. Sheria."

Walikuja kwa foleni. Katibu Ngelangela alifuta mlango wa punda. Yule wa Jumatatu alifuta Alhamisi. Mwingine alifuta ule wa kuandika jina ukurasa wa mwisho, mwingine akafuta neno la kumtaka mtahiniwa apate chai asubuhi, maana yeye alikwenda na njaa. Mstari wa kengele uliachwa kwa Mwenyekiti, kwa heshima ya cheo.

"Mheshimiwa, nakuomba," Zamaradi alisema. "Mstari huo mmoja. Uacheni huo tu. Kuna mama bondeni mtamshonea mikono kwa ajili ya mstari huo."

Mwenyekiti alichovya brashi. Macho yake yalijaa machozi, na Zamaradi huapa kwamba yalikuwa ya kweli. "Mara mbili, Bibi. Mara mbili niliandika mpaka kengele ya pili, nikafeli. Mke wangu wa kwanza akanicheka. Mara ya tatu tumbo lilinisokota, nikakabidhi karatasi kengele ya kwanza ili niwahi chooni, nikapita. Hata sikujua kwa nini! Nilikuja kuelewa baada ya miaka. Jambo kama hilo umpe mtu bure, kwenye karatasi?" Akapaka taratibu, toka kushoto kwenda kulia, akahakikisha hakuna herufi inayoonekana.

Mistari ishirini na mmoja ilibaki miwili. Mmoja ulikuwa Karibu mtahiniwa. Wa pili ulikuwa jina la Zamaradi kama mwandishi. Mwongozo ukapigwa chapa kwa jalada la dhahabu, ukazinduliwa na Sultani, aliyekuwa bado anasimama. Zamaradi alisimama jukwaani akivishwa shada, amenuna, na watu wakasema mgeni ana haya.

Sasa wengine wangefunga virago. Huyu ana kichwa kigumu, ndiyo maana nampenda. Siku zilizobaki alikaa na Sihaba wakinakili yale maneno kwa mkono, moja moja, kwenye karatasi tupu za kufungia karanga. Asubuhi ya Alhamisi watahiniwa, waliokesha nje wiki nzima kwa kutoijua siku, walipokuwa wakilizunguka jumba wakitafuta mlango, Bi Tausi sauti ilikuwa imempanda: "Karanga! Karanga za moto! Usitupe karatasi, soma karatasi!" Nani asiyetafuna akiwa na wasiwasi? Kundi zima likanunua, kundi zima likasoma, kundi zima likaelekea kwenye mazizi ya punda.

Kengele ya kwanza ilipolia, walisimama watu mia mbili na kumi kwa pamoja. Msimamizi aliangusha miwani. Tangu jumba lijengwe hakuwahi kupokea zaidi ya karatasi kumi na moja. Kengele ya pili ililia kwenye ukumbi mtupu, na mwaka ule Bi Tausi hakupata gunia hata moja.

Sikudhani alifaulu. Alifaulu wa kwanza kuliko wote, kwa alama ambazo Baraza lilizihesabu mara tatu likiamini limekosea. Bonde lilipasuka kwa vigelegele. Sihaba alimrukia dada yake shingoni wakaanguka wote wawili kwenye kapu la nguo za kufua. Zamaradi alilia waziwazi. "Mikono yangu," Sikudhani alirudia akiitazama, "mikono yangu hii."

Baraza halikuwa la kupuuzwa, hata hivyo. Mtu mmoja alileta karatasi ya karanga. Wajumbe waliijadili siku mbili, wakaona kuikataa ni kukiri kwamba watu mia mbili na kumi wamepita kinyemela, na Sultani keshapata seremala na ameketi, hataki maneno. Wakaamua iwe sehemu ya Mwongozo. Karatasi ya karanga ikabandikwa ndani ya jalada la dhahabu, pamoja na mafuta yake. Zamaradi aliposikia akapiga kofi. Basi imekwisha! Mwongozo unaofaa umepatikana, na uko kitabuni kisheria.

Sherehe ya vyeti ikafanyika uwanjani. Ngoma zilikuwepo, na Sikudhani, kwa kuwa wa kwanza, aliitwa wa kwanza. Alivishwa cheti. Kilikuwa na kioo. Kisha Mwenyekiti akamkabidhi brashi, ambayo mwaka huo ilikuwa ya wa kwanza tu kwa kuwa waliofaulu walizidi mistari, akamfunulia ile karatasi.

Zamaradi, aliyekaa mbele, hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mistari ilikuwa mingi na mfutaji mmoja; kulikuwa na wa chai, kulikuwa na wa kumtaka mtu akate kucha. Alimkonyeza Sikudhani.

Sikudhani hakumwona. Alikuwa akiitazama karatasi, midomo ikicheza, anausoma mmoja, anauruka, anausoma mwingine. Akafika kwenye ule wa kengele, akasimama hapo muda mrefu. Ngoma zilinyamaza. Kisha akachovya. Mkono ule uliopokea bonde zima ulikwenda toka kushoto mpaka kulia, ukarudi, ukapaka mara ya pili.

Vigelegele vikapaa. Mheshimiwa Mbaruku alimkumbatia, wakalia pamoja. Aliposhuka, Sihaba alikuwa chini ya ngazi, kamba tupu shingoni.

"Dada! Ule? Umefuta ule? Na mimi mwakani?"

"Mara mbili, Sihaba. Miaka miwili nililia. Wewe uliniona."

"Nilikuona! Mimi ndiye niliyekupangusa machozi!"

"Basi wajua uchungu wake." Sikudhani alikiweka cheti sawa kifuani, akafuta kioo kwa kanga. "Usiwe na shaka, mdogo wangu. Utajua tu ukifika. Mbona mimi nilijua?"

"Ulijua kwa sababu ulisomewa! Mimi ndiye niliyenakili! Ninao kichwani, dada!"

Sikudhani akamtazama mdogo wake juu mpaka chini. "Kumbe unao," alisema. Akageuka kumwangalia Katibu Ngelangela aliyekuwa karibu, akiwaandika majina wenye vyeti wapya. Zamaradi aliona hayo mwenyewe. Alimwita Sikudhani kwa jina, kwa sauti. Hakugeuka.

Mwaka uliofuata, Zamaradi alipata habari kwamba kengele zimebadilishwa. Sasa ni tatu. Aliyetoa hoja Barazani ni mjumbe mpya, mama mmoja mkunga, naye hoja yake alisema imemtoka moyoni. Ya Sihaba sikuambiwa.

Hayo ndiyo niliyonayo. Aliyetaka zaidi angekuja mapema. Ila niliwaahidi jambo. Zamaradi alipomaliza kunisimulia, tukiwa tumekasirika wote wawili, yeye akimlaani yule mama na mimi nikimsaidia, nilimwuliza: ee dada, na mtu akitaka kwenda Ithibatini kuwasaidia wale watu, anapitia njia ipi? Alifungua kinywa anijibu. Kisha nikaona ameirudisha pumzi ndani.

"Mimi ile njia niliitafuta siku sita," alisema, "peke yangu, miguu imevimba." Akachukua kikombe chake cha chai. "Ukienda utaiona tu."